Iulize Njia Nani Aliyeijenga

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Majuma mawili yaliyopita nilitaja kwa kupitia tu kwamba niliwahi kuzunguka kwa baiskeli katika milima ya kusini mwa Ufaransa. Sikudhani kama neno hilo lingemshughulisha mtu. Kumbe limewashughulisha wengi. Msikilizaji mmoja ameniuliza hivi: "Mzee, Ufaransa tunayoiona katika televisheni kila mwezi wa saba ni lami tupu, na waendesha baiskeli wanapita kama risasi. Wewe hiyo changarawe uliipata wapi?" Mwingine, ambaye nadhani ni kijana, amekuwa mkali zaidi: "Njia ya mawe mlimani ina faida gani siku hizi, ilhali barabara ya lami iko bondeni?"

Leo nitajibu maswali yote mawili. La kwanza nitalijibu kwa kueleza. La pili nitalijibu kwa kuungama kosa langu mwenyewe, maana nusura kosa hilo linizuie kurudi kuzungumza nanyi.

Tuanze na baiskeli yenyewe. Wenzetu huiita baiskeli ya changarawe. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ile ya mashindano: fremu nyepesi, na usukani umepinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume. Ukisogea karibu ndipo unapoona tofauti. Tairi zake ni nene, milimita 40 hadi 45 hivi, wakati zile za lami siku hizi ni kama milimita 28. Tena hazijazwi upepo zikawa ngumu kama jiwe. Huachwa laini kidogo ili zimeze kokoto badala ya kudunda juu yake. Wengi hawatumii tyubu. Ndani ya tairi humiminwa maji ya utomvu ambayo mwiba ukitoboa huganda na kuziba tundu palepale. Breki ni za disiki, maana mteremko wa kilomita 10 hula raba za breki za kawaida zikaisha. Na gia zake ni nyepesi kiasi kwamba mtu wa umri wangu anaweza kupanda kilima akiwa ameketi, taratibu, pumzi ikimtosha.

Mchezo huu ulikulia Marekani, katika barabara za vumbi za jimbo la Kansas, ambako mashindano makubwa ya namna hii yalianza mwaka 2006. Wala kwetu si mgeni. Tangu mwaka 2021 pamekuwa na mashindano ya changarawe kule Mara, Kenya, katika nchi ya Wamaasai. Na Mkenya Sule Kangangi, aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani, alifariki Agosti 27, 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya namna hiyo huko Vermont, Marekani. Namtaja kwa heshima, na pia ili asiwepo wa kudhani kwamba kuteremka juu ya kokoto ni mchezo wa watoto.

Sasa twende Ufaransa. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi na kufanya kazi katika mji wa Montpellier, karibu na bahari ya Mediterania. Nilikwenda kumtembelea mwishoni mwa mwezi wa Septemba. Siku ya tatu akaniambia, "Mjomba, bahari unayo hata nyumbani. Njoo nikuonyeshe milima." Nami ni mzaliwa wa Lushoto, huniambii kitu kuhusu milima. Kiburi hicho kishike, tutakirudia. Tukakodi baiskeli mbili, tukazipakia katika treni hadi mji wa Alès, na kutoka hapo tukaingia katika nchi inayoitwa Cévennes.

Cévennes si milima mirefu kama Alps. Kilele cha Aigoual, ambacho ndicho tulichokilenga, kina zaidi ya mita 1,560 tu. Lakini ni vilima juu ya vilima, na mabonde yamebanana kama mikunjo ya kanga iliyotupwa kitandani. Ukitoka bonde hili hadi lile unapanda mita 500 na kuzishuka tena, na mwisho wa siku ukipima kwa rula juu ya ramani unakuta umesogea kidogo mno. Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: katika nchi ya namna hiyo usihesabu kilomita, hesabu mwinuko. Kilomita 60 zenye kupanda mita 1,200 ni kazi ya siku nzima kwa mtu wa kawaida.

Sasa, changarawe imetoka wapi? Jibu ni kwamba hakuna hata njia moja katika hizo iliyochimbwa kwa ajili ya baiskeli. Kila njia ilijengwa na mtu mwingine, kwa shida yake, zamani. Na ukimjua mjenzi, utajua njia itakavyokutendea. Mpwa wangu alinifundisha niulize kila tulipofika njia panda: "Hii nani aliijenga?" Majibu niliyoyapata kwanza yalikuwa manne.

Mjenzi wa kwanza ni kondoo. Tambarare za kusini, karibu na bahari, hukauka wakati wa kiangazi. Kwa hiyo tangu kale wachungaji huwapandisha kondoo milimani mwezi wa Juni wapate majani mabichi, na huwateremsha kabla ya baridi. Njia zao huitwa draille. Ufugaji huu ndio uliolifanya Shirika la UNESCO liiweke nchi ya Cévennes na nyanda za juu za jirani katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Sasa tazama tabia ya njia hii. Kondoo hana haja ya kona. Hupanda mgongo wa kilima moja kwa moja, na kwato elfu kwa elfu zimeipasua ardhi ikabaki mawe yanayoteleza. Ukikuta draille, ujue utasukuma baiskeli wakati wa kupanda, na ukiwa na busara utaisukuma wakati wa kushuka pia. Malipo yake ni kwamba unatembea juu ya mgongo wa dunia, mabonde yakiwa kushoto na kulia.

Mjenzi wa pili ni mfalme na mizinga yake. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 aliifuta amri iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa ruhusa ya kuabudu kwa namna yao. Cévennes ilikuwa imejaa Waprotestanti. Mtawala wa mfalme katika jimbo la Languedoc, jina lake Basville, ambaye alishika kazi hiyo kuanzia mwaka 1685 hadi 1718, aliona kwamba hawezi kuwatiisha watu ambao askari hawawafikii. Akaamuru zifunguliwe barabara pana za kupitisha majeshi na mizinga. Mwaka 1702 wanakijiji waliasi, wale walioitwa Camisards, na vita vikali viliendelea hadi mwaka 1704. Vita vimekwisha, barabara zimebaki. Ile inayoitwa Corniche des Cévennes, kutoka Saint-Jean-du-Gard hadi Florac, inafuata mojawapo. Leo ina lami, ila pembeni yake kuna vipande vingi vya udongo na kokoto. Tabia yake ni ya upole, kwa sababu mnyama anayekokota mzinga hawezi kupanda ukuta. Inapanda kwa muda mrefu bila kukuua. Nilipita pale nikifurahi, halafu nikakumbuka kwamba ulaini ule ulitengenezwa ili bunduki ziwahi kufika. Nikanyamaza kwa muda.

Mjenzi wa tatu ni reli. Mwaka 1909 ilifunguliwa reli nyembamba kutoka Sainte-Cécile-d'Andorge hadi Florac, ikipita katika madaraja na mahandaki. Ilifungwa mwaka 1968, vyuma viking'olewa, na sehemu zake sasa zimetengenezwa kwa ajili ya wapita kwa miguu na baiskeli. Kaskazini zaidi, katika wilaya ya Ardèche, kuna nyingine iitwayo Dolce Via, yenye urefu wa kilomita 90 hivi, nayo ni reli ya zamani. Tabia ya njia ya reli unaweza kuibashiri mwenyewe: garimoshi lilikuwa halipandi zaidi ya mita 3 hivi kwa kila mita 100. Kwa hiyo hata mtoto ataipanda. Mtu anayeanza mchezo huu na aanzie hapo, ila asisahau taa kwa ajili ya mahandaki.

Mjenzi wa nne ni mpanda miti, na huyu ndiye ninayemheshimu kuliko hao watatu. Katika karne ya 19 milima ile ilikuwa uchi. Miti ilikatwa kwa mkaa na kwa migodi, na mifugo ikamaliza kilichobaki. Mvua ikinyesha, udongo wote ulikwenda bondeni pamoja na nyumba za watu. Bwana misitu mmoja, Georges Fabre, akishirikiana na Charles Flahault, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, alisimamia kazi ya kuirudisha misitu juu ya Aigoual. Kileleni kikajengwa kituo cha hali ya hewa kilichofunguliwa mwaka 1894. Watabiri waliishi huko juu katika upepo na theluji hadi mwaka 2023. Sasa jengo lile ni mahali pa kuwaelimisha wageni juu ya mabadiliko ya tabianchi. Barabara za misitu ni tamu kwa baiskeli. Zinafuata ubavu wa mlima bila kupanda wala kushuka sana, na kivuli kipo. Lakini zina hila moja. Mpanda miti alitaka kuufikia mti, wala si kijiji. Kwa hiyo njia yake inaweza kwenda kilomita 6 nzuri kabisa, kisha ikafia katikati ya msitu. Ukiona kwenye ramani imekatika, usijidanganye kwamba mchoraji alisahau. Imekatika.

Yuko na mjenzi wa tano. Huyo sikumtilia maanani mpaka siku aliponiokoa. Subira.

Baada ya mjenzi, uliza jiwe. Katika siku tatu tulipita juu ya mawe ya aina tatu, na kila moja lilikuwa na sauti yake chini ya tairi. Mabonde ya Cévennes yana mwamba unaopasuka vipande vipande kama vigae, bapa, vyenye makali. Ndio wanaoezekea nyumba zao, na ndio unaokata ubavu wa tairi. Hapo punguza mwendo na uchague mahali pa kupitisha gurudumu. Sehemu za juu za Aigoual zina matale, jiwe gumu ambalo likizeeka hugeuka mchanga mnene. Hapo tairi hukimbia vizuri, ila kwenye kona hukutoroka ghafla. Na magharibi, juu ya uwanda wa Causse Méjean ulio karibu mita 1,000, ni chokaa tupu: kokoto nyeupe, vumbi, jua, na upepo usio na mti wa kuuzuia.

Uwanda ule wa chokaa una jambo moja kubwa: hauna maji juu yake. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja kwenye nyufa na kutokea chini kabisa katika makorongo. Tulipanda kutoka Florac siku ya pili na chupa mbili mbili kila mmoja, na saa saba mchana zangu zilikuwa tupu. Mpwa wangu akanipeleka kwenye makaburi ya kijiji. Nikashtuka. "Mjomba, usiogope," akasema akicheka, "Wafaransa wanamwagilia maua ya marehemu wao." Kweli, bomba lilikuwa langoni. Tangu siku hiyo najua kwamba katika kijiji cha Ufaransa ambacho duka limefungwa na mtu haonekani, maji utayapata makaburini, ili mradi hapana kibao kinachosema kwamba maji hayo hayafai kunywa.

Kuna adabu nyingine ambazo mpita njia huko hana budi kuzijua. Lango la waya ukilikuta limefungwa, lifunge baada ya kupita. Ng'ombe wa watu wasikulaani. Mbwa mwitu wamerudi Ufaransa tangu mwaka 1992, kwa hiyo makundi mengi ya kondoo yanalindwa na majibwa makubwa meupe ambayo hayabembelezwi. Ukiyaona, shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, usipige kelele, zunguka mbali na kundi. Na kuanzia mwisho wa kiangazi huanza msimu wa kuwinda nguruwe mwitu. Ukikuta kibao kwamba uwindaji unaendelea, vaa nguo ya rangi kali au geuza njia. Risasi haijui mtalii.

Sasa nafikia kosa langu.

Siku ya tatu tulilala Meyrueis, mji mdogo chini ya uwanda, tukaamka kupanda Aigoual kwa barabara za misitu. Asubuhi mpwa wangu alitazama simu yake, akakunja uso. Idara ya hali ya hewa ya Ufaransa tangu mwaka 2001 hutoa tahadhari kwa rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Siku hiyo upande wa kusini wa mlima ulikuwa na rangi ya chungwa. "Mjomba," akasema, "tungepumzika leo." Nikatoka nje nikatazama juu. Anga ilikuwa na mawingu membamba, hewa ya vuguvugu. Nikasema, "Mimi nimezaliwa kwenye mvua. Twende."

Ndugu zangu, mvua ya Cévennes siyo mvua niliyozaliwa nayo. Mwisho wa kiangazi bahari ya Mediterania huwa ina joto. Upepo wa kusini huichukua hewa yenye unyevu mwingi na kuigonga katika ukuta wa milima. Hewa inapandishwa kwa nguvu, inapoa, inamwaga maji. Na nyuma yake hewa nyingine inakuja, inamwaga palepale, saa baada ya saa, bila wingu kuhama. Mwezi wa Septemba mwaka 1900 katika mji wa Valleraugue, chini ya Aigoual, zilipimwa kiasi cha milimita 950 kwa siku moja. Ili upate picha, Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka mzima. Na yale mabonde ni membamba na yameinama sana, kwa hiyo maji hayana mahali pa kungoja. Mwaka 2002, mwezi huohuo wa Septemba, mafuriko katika wilaya ya Gard yaliua zaidi ya watu 20.

Tulifika kileleni saa sita, hatukuona hata mita 50 mbele yetu. Tukaanza kushuka upande wa kusini kwa njia ya msitu, na mvua ikaanza. Haikuanza kwa matone. Ilianza kama mtu aliyepindua pipa. Baada ya saa moja njia yenyewe ilikuwa kijito. Tulipofika bondeni tukakuta barabara nyembamba ya lami, na mbele yake kivuko: daraja la saruji la chini kabisa, lisilo na kingo, lililojengwa hivyo makusudi ili mto ukijaa maji yapite juu yake. Maji yalikuwa yanapita. Niliyapima kwa macho, yalifika kwenye kifundo cha mguu. Ng'ambo ya pili lami iliendelea, na kilomita 5 mbele ulikuwapo mji, chakula na kitanda.

"Tuvuke," nikasema.

"Mjomba, tungoje kwanza."

"Tungoje nini? Yakizidi ndipo tutavuka?" Nikaingiza gurudumu la mbele.

Hapo nikasikia sauti ya mwanamke ikipiga kelele juu yetu. Sikujua Kifaransa cha kutosha kuelewa maneno, lakini sauti ya mtu anayekukataza kufa haihitaji mkalimani. Nikarudi nyuma. Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, amevaa koti la mpira, ana mundu mkononi, amesimama kwenye ukuta wa mawe akituashiria tupande. Tulikuwa bado tunahangaika kunyanyua baiskeli ukutani mpwa wangu aliponishika bega na kunigeuza. Maji pale kivukoni yalikuwa yamebadilika rangi kuwa kahawia, yamepanda hadi kimo cha goti, na gogo zima la mti lilikuwa linapita juu ya saruji mahali nilipokuwa nimesimama. Hazikupita dakika 10.

Yule bibi hakusema neno la kulaumu. Akageuka, akatangulia, na sisi tukamfuata katika njia ambayo sikuwa nimeiona kwenye ramani ya simu. Ilikuwa nyembamba, upana wa nyumbu mmoja na mzigo wake, imetandikwa mawe yaliyosimamishwa kwa ubavu, na kila hatua chache jiwe refu limelazwa kwa mshazari ili kuyatupa maji pembeni. Mvua yote ile ilikuwa inanyesha, nami nilikuwa nakanyaga pakavu. Ilipinda katikati ya miti ya njugu kubwa za kuchoma ambazo zamani zilikuwa mkate wa watu wa huko, ikapita kuta za matuta yaliyoachwa, ikatufikisha mgongoni mwa kilima, kwenye kitongoji cha nyumba sita. Tukapewa supu, tukapewa nguo kavu, tukalala ghalani.

Huyo ndugu zangu ndiye mjenzi wa tano: mwanakijiji mwenyewe, asiye na jina katika vitabu. Alijenga kwa mikono, akiwa na nyumbu na kikapu. Na alijenga juu, mbali na mto, kwa sababu aliujua mto.

Asubuhi mvua ilikuwa imekwisha, jua linang'aa kama si yeye aliyejificha. Barabara ya lami kule bondeni ilikuwa imekatwa mahali pawili. Gari halikuweza kupita. Lakini nilishuhudia kwa macho yangu: saa mbili kijana mmoja alikuja kutoka kijiji cha pili kwa ile njia ya nyumbu, na mkoba mgongoni, ndani yake mkate na dawa za mzee mmoja mgonjwa wa kitongoji kile. Lami ilishindwa kufika. Mawe ya babu yao yalifika.

Nikamwomba mpwa wangu amuulize bibi kwa nini alikuwa nje na mundu siku kama ile. Akasema alikuwa anafyeka miiba njiani, maana aliona mvua inakuja. Kisha akatueleza habari ambayo ndiyo sababu ya mazungumzo haya yote.

Katika sheria ya Ufaransa njia za namna hiyo, ambazo haziko katika orodha ya barabara rasmi, ni mali ya halmashauri ya kijiji, lakini zimewekwa kwa matumizi ya wote. Maadamu watu wanapita, njia haiuzwi. Ikiachwa, watu wakaacha kupita, halmashauri inaweza kuendesha uchunguzi wa hadhara na kuiuza. Tena jirani akiizungushia ua na kuitumia kama yake kwa miaka 30 bila mtu kumpinga, anaweza kudai kwamba sasa ni yake kweli. Miaka michache kabla ya sisi kufika, mtu mmoja mwenye shamba alitaka kuinunua njia ile aunganishe ardhi yake ya juu na ya chini. Hakuwa mtu mbaya, bibi alisema. Alitaka tu kuweka uzio. Na kwa kweli njia ilikuwa imefungwa na miiba, hakuna aliyekuwa anapita tangu lami ilipokuja. Uchunguzi ukatangazwa, daftari likafunguliwa ili kila mwenye neno aandike.

Bibi na majirani zake watano walifanya mambo mawili. Waliandika katika daftari. Na wakachukua mundu. Walifyeka njia yote kwa majuma matatu, halafu kila Jumapili wakawa wanaipita, hata kama hawana safari. Wakawaambia vijana wa baiskeli wa mjini waje wapite. Wapita kwa miguu nao wakaja. Mwisho, halmashauri ikasema njia hii inatumika, haiuzwi.

"Kwa hiyo," bibi alimwambia mpwa wangu, naye akanitafsiria, "mwambie mjomba wako kwamba sikumwokoa yeye kwa wema peke yake. Nilihitaji mtu wa kupita."

Kijana wangu uliyeniuliza faida ya njia ya mawe wakati lami ipo, jibu lako ndilo hilo. Lami inamfaa mtu siku 360 za mwaka, na mimi ni wa kwanza kuishukuru. Hizo siku 5 zilizobaki ndizo zinazouliza kama babu zako walikuwa na njia nyingine, na kama wewe uliiacha ife. Njia haifi kwa mvua, maana mvua ile ya ajabu ilipita juu ya mawe yale ikayaacha yamekaa. Njia hufa kwa kukosa miguu.

Nawe uliyeuliza changarawe niliipata wapi, ukijaliwa kufika huko, ifuate ramani ya karatasi ya kipimo cha 1 kwa 25,000, maana vijia kama kile huchorwa humo kwa mstari mwembamba hata pale simu inapovisahau. Nenda Mei au Juni. Mwezi wa Septemba uzitazame zile rangi nne kila asubuhi. Kila njia panda, uliza mjenzi ni nani. Na mtoto wa dada yako akikwambia "Mjomba, tungoje kwanza," ngoja.

Mtangazaji wa zamu ananionyesha saa. Tuonane juma lijalo, panapo majaliwa.